Kiti si Mali ya Akikaliaye: Njia ya Haki ya Kumpinga Mwenyekiti

Katika mikutano ya vyama vya ushirika, ya kamati za shule na ya vyama vya wafanyakazi, jambo hili hutokea mara nyingi. Mwanachama asimama kuuliza habari za fedha za chama. Mwenyekiti, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyetia sahihi hundi, ajibu ya kuwa jambo hilo limekwisha, kisha aita jambo la pili. Hapo baadhi ya watu hunyamaza kwa heshima. Wengine hupiga kelele hata mkutano ukavunjika. Njia zote mbili ni hasara, kwa maana watu hurudi makwao na fedha hazijulikani ziliko.

Iko njia ya tatu, nayo ni ya utaratibu. Msingi wake ni huu: mamlaka ya mwenyekiti yatoka kwa mkutano. Yeye huongoza mazungumzo ili kila mtu asikiwe, lakini hawezi kuyafunga mazungumzo kwa ajili ya faida yake.

Watu wengi ulimwenguni hufuata kanuni za Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863 aliombwa kuongoza mkutano wa kanisa katika mji wa New Bedford, naye hakujua afanyeje, na mkutano ukamshinda. Baada ya hapo alijifunza sana, na mwaka 1876 akatoa kitabu chake cha kanuni za mikutano.

Kwa kanuni hizo, hatua ya kwanza ni hoja ya nidhamu. Mwanachama husimama na kusema kwa adabu ya kuwa kanuni fulani imevunjwa, akaitaja. Mwenyekiti hana budi kutoa uamuzi. Ikiwa uamuzi haukuridhisha, hatua ya pili ni rufani: mwanachama mmoja hukata rufani kwa mkutano, mwingine humwunga mkono, kisha kura hupigwa. Kura zikiwa sawasawa, uamuzi wa mwenyekiti husimama. Walio wengi wakiukataa, huvunjika, ingawa mwenyekiti hubaki kitini mwake.

Hatua ya tatu ni juu ya kiti chenyewe. Ikiwa jambo linalozungumzwa lamhusu mwenyekiti peke yake, kama vile mashtaka juu ya matendo yake, yampasa ampishe makamu wake mpaka jambo hilo liishe. Akikataa kuiuliza rufani iliyoletwa kwa haki na kuungwa mkono, mwenye rufani huirudia. Akizidi kukataa, mwanachama huyo aweza kusimama mahali pake na kuwauliza wenzake kura yeye mwenyewe.

Ubaya wa kumwacha mtu asimamie kesi yake mwenyewe ulionekana Uingereza mwezi wa Machi 1695. Sir John Trevor, Spika wa Bunge, alishtakiwa kwa kupokea gini 1,000 kutoka kwa Jiji la London ili kuusaidia mswada upite. Kwa kuwa ndiye aliyekuwa kitini, ilimbidi awaulize wajumbe kwa kinywa chake kama yeye ana hatia, na kutangaza ya kuwa waliokubali wameshinda. Siku chache baadaye alifukuzwa Bungeni.

Mfano mwingine ni wa Marekani, mwezi wa Machi 1910. Spika Joseph Cannon alikuwa na nguvu nyingi, kwa kuwa aliongoza pia kamati iliyoamua ni mambo gani yatakayozungumzwa. Mjumbe George Norris alileta hoja ya kumtoa katika kamati hiyo. Cannon aliamua ya kuwa hoja hiyo haifai; wajumbe wakakata rufani, wakaushinda uamuzi wake, kisha wakaipitisha hoja kwa kura 191 dhidi ya 156. Baadaye ilipoletwa hoja ya kumwondoa kitini kabisa, waliikataa. Walitaka kuondoa kosa. Hawakutaka kumwaibisha mtu.

Hata hivyo kanuni si moja kila mahali. Katika Bunge la Uingereza, mjumbe hawezi kubishana na Spika papo hapo juu ya uamuzi wake. Anayetaka kuushutumu mwenendo wa Spika hana budi kuleta hoja maalumu. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 yasema ya kuwa Spika wa Bunge la Taifa au wa Seneti huacha kiti chake ikiwa thuluthi mbili ya wajumbe wote wa Nyumba yake waamua hivyo. Kiasi hicho ni kikubwa, ili kiti kisichezewe kwa hasira ya siku moja.

Kwa hiyo, mwanachama mwenye busara huzisoma kanuni za chama chake kabla ya siku ya mkutano. Huzungumza na mwenzake atakayemwunga mkono, husema juu ya kanuni wala hasemi juu ya ukoo wa mtu, na huhakikisha ya kuwa karani ameandika hoja na hesabu ya kura. Mkutano ukishindwa leo, maandishi hayo yatakuwa shahidi wa kesho. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.