Kuunganisha Programu Kongwe na Viwango Vilivyo Wazi: Mfano wa Lotus Notes

Kuhamisha kazi kutoka programu kongwe hadi mfumo unaofuata viwango vilivyo wazi huzungumzwa aghalabu kana kwamba ni kuhamisha vyombo vya nyumba. Mfano wa Lotus Notes waonyesha kuwa shughuli hiyo yakaribiana zaidi na tafsiri, pamoja na hasara zake zote.

Notes, iliyotungwa na kampuni ya Iris Associates chini ya Ray Ozzie, ilitolewa na Lotus mwaka 1989. IBM ikainunua Lotus mwaka 1995. Upekee wake ulikuwa katika kuhifadhi maandishi. Kila hati hujibebea sehemu zake: ya leo yaweza kuwa na sehemu kumi na mbili na ya mwaka jana tisa, zote zikakaa katika faili moja bila ugomvi. Hata orodha ya walioruhusiwa kuisoma hati yaweza kukaa ndani yake. Isitoshe, nakala za faili husambazwa katika kompyuta nyingi, kila mtu akaandika kwake hata akiwa nje ya mtandao, kisha nakala zikapatanishwa. Ikiwa wawili wamebadilisha hati ile ile, kwa kawaida moja hubaki kuwa kuu, na ya pili huhifadhiwa chini yake kwa alama ya mgongano, ili binadamu aamue. (Wahakiki wa miswada watalitambua tatizo hili bila kuelezwa.)

Mwaka 2003 IBM ilileta Lotus Workplace, iliyojengwa juu ya Java na hifadhidata ya majedwali. Jedwali hudai safu ziamuliwe mapema. Hati za Notes zingepaswa ama kukatwa zilingane, ama kupewa safu nyingi zitakazobaki tupu. Zito zaidi lilikuwa jambo la sarufi: katika Notes, fomu, kanuni na amri hukaa katika faili lile lile pamoja na data, hivi kwamba aliyehamisha data peke yake alihamisha msamiati akaiacha sarufi nyuma. Mashirika yaliyokuwa yameandika maombi, idhini na kumbukumbu zao kwa lugha hiyo kwa zaidi ya miaka kumi yalikuwa na haki ya kuingiwa na hofu.

Katika toleo la 8, mwaka 2007, programu ya zamani iliwekwa ndani ya kiunzi cha Eclipse, ambacho msimbo wake u wazi, pamoja na vihariri vilivyotumia ODF, muundo uliokubaliwa na ISO mwaka 2006. Mzigo wake ulizielemea kompyuta nyingi za wakati ule. Hata hivyo uamuzi ulikuwa wa busara, kwani hati za zamani ziliendelea kufunguka. Jina la Workplace likatoweka.

Lakini kiunzi kuwa wazi si faili kuwa wazi. Muundo wa faili la Notes ulibaki mali ya mwenyewe, na tangu 2019 mwenyewe ni HCL ya India. Hati na fomu zaweza kutolewa kwa XML. Kuzifanya zitende kazi tena kwingineko kwahitaji mtu aijuaye bado lugha ya zamani.