Kabla Gogo la Duara Halijawa Meza

Mchimbaji aliyezoea duara, yaani shimo la dhahabu, husikiliza magogo. Nguzo za miti zinazozuia kuta na dari ya shimo, ambazo wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama huziita matimba, hulia kabla ya kuvunjika. Uzito wa mwamba unapozidi, nyuzinyuzi za mti hukatika moja baada ya nyingine, na kila inayokatika huachia nishati yake kama mlio. Kwanza husikika mtatariko mdogo, halafu mkwaruzo, halafu kila mwenye miguu anakimbia. Wachimbaji wa makaa ya mawe huko Ulaya walizipenda nguzo za misonobari kwa sababu hiyohiyo.

Gogo hilo likimaliza kazi yake, bado ni mti, na mti katika ukanda huu wa dhahabu si kitu cha kutupa. Ndiyo maana mafundi seremala wa mijini wanaijua vizuri thamani ya mbao za mkono wa pili: mapaleti yaliyoleta mitambo ya migodi, makasha, milango ya nyumba zilizobomolewa, mitumbwi iliyochakaa kando ya Ziwa Victoria, na matimba yenyewe. Pwani biashara hii imeshapata jina. Lamu, Watamu na Zanzibar kuna viti na meza zilizotokana na mbao za majahazi makuukuu, na mteja hulipia zaidi pale makovu ya misumari na rangi iliyobabuka vinapoachwa vionekane. Bara nako, wenye hoteli na baa wameanza kuutaka mtindo huo wa samani zenye sura ya shambani.

Tatizo ni kwamba mtindo huangalia sura. Ubao wa pwani umepitia chumvi na jua, basi. Ubao wa ukanda wa dhahabu unaweza kuwa umepitia zebaki, sianidi, aseniki, au giza la miaka mitano mita 40 chini ya ardhi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho lazima kionekane kwa macho. Fundi anayenunua mbao Geita anahitaji kuuliza ubao umetoka wapi kabla ya kuuliza bei.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoharibu samani nyingi kuliko sumu zote. Mti umejengwa kwa mirija midogo sana iliyolala kwa urefu wa shina. Maji hukaa mahali pawili: katika uwazi wa mirija, na ndani ya kuta zake. Gogo likikatwa, maji ya kwenye uwazi hutoka kwanza na ubao unapungua uzito tu. Kiasi cha unyevu kikishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, maji ya kwenye kuta huanza kutoka, na hapo ndipo ubao unaposinyaa. Kusinyaa kwenyewe hakuna usawa. Kwa urefu wa shina ni kidogo mno. Kutoka moyo wa gogo kwenda kwenye gome ni zaidi. Kufuata mduara wa gogo ni takribani mara mbili ya hapo. Hii ndiyo sababu gogo zima likikauka hupasuka kuelekea kwenye moyo: mduara unataka kufupika kuliko kina kinavyoruhusu, kwa hiyo lazima mahali fulani pachanike.

Wateja wengi huamini kwamba mbao za zamani zimeshatulia. Kwa sehemu kubwa ni kweli, zimepita kusinyaa kule kwa kwanza, lakini hazijaacha kupumua. Ubao wowote, uwe na mwaka mmoja au mia, huvuta na kuachia unyevu mpaka ulingane na hewa iliyouzunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 40 huuweka ubao kwenye asilimia 8 hivi. Hewa ya asilimia 75 huupandisha hadi karibu 14. Shinyanga ina majira mawili yasiyofanana kabisa: kiangazi cha kuanzia Juni hadi Oktoba, ambapo midomo hupasuka, na masika ambapo nguo hazikauki. Tuchukue meza ya upana wa sentimita 90, ya mbao zinazobadilika asilimia 0.2 ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu. Tofauti ya asilimia 6 kati ya majira hayo itaitanua au kuibana meza kwa sentimita moja nzima. Fundi aliyeipigilia misumari kwenye fremu pande zote ameiandalia ufa. Dawa yake haina gharama: tundu la skrubu kwenye fremu lisiwe duara, liwe refu kidogo kufuata upana wa meza, ili ubao uweze kusogea huku ukiwa umeshikwa.

Mninga husifiwa na mafundi kwa rangi yake, lakini sifa yake kubwa zaidi ni kwamba unasinyaa kidogo kuliko mbao nyingi. Ukipata mlango wa zamani wa mninga, usiubishie bei sana.

Asiyekuwa na kipima unyevu anaweza kujua hali ya ubao kwa mizani ya jikoni na oveni. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, kipime, kikaushe kwa nyuzijoto 103 mpaka uzito uache kushuka, kisha ukipime tena. Kilichokuwa gramu 230 kikabaki 200 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15. Gogo lililotoka duarani litakushangaza: linaweza kuwa limekaa huko miaka na bado likawa limelowa, kwa sababu hewa ya chini haina ukavu wa kulikausha.

Wasukuma walilikwepa tatizo la viungo kwa njia nyingine kabisa. Vigoda vyao vya jadi, pamoja na viti vya watemi, vilichongwa kutoka gogo moja, bila msumari wala gundi. Kitu cha kipande kimoja hakina sehemu ya kuvutana na nyingine. Kinachobaki kuogopwa ni ule ufa wa kwenye moyo. Katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza, kuna jengo zima lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Nimewahi kuona meza za kisasa za bei kubwa zenye akili ndogo kuliko kigoda.

Sasa tushuke duarani. Ukungu unaoozesha mti unahitaji vitu vitatu: joto la wastani, hewa, na unyevu wa ubao unaozidi asilimia 20 hivi. Shimo la dhahabu lina vyote. Aina moja ya ukungu hula selulosi na kuuacha mti wa kahawia unaovunjika vipande vya mraba. Nyingine hula pia lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzinyuzi, na kuacha mti mweupe na laini. Gogo linaweza kuonekana zima nje huku ndani limeshapoteza nguvu. Ligonge kwa nyundo: lililo zima hulia kwa sauti kali, lililooza hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Chomeka bisibisi kwenye ncha zake na pale lilipogusana na udongo. Jambo la ajabu ni kwamba magogo yaliyozama kabisa kwenye maji ya chini mara nyingi hutoka yakiwa na afya kuliko yaliyokuwa juu yake, kwa kuwa majini hewa ya kuulisha ukungu ni haba.

Ukungu huohuo una kisa cha pili. Unapokula mti, hutumia oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Duara lililohamwa likiwa limejaa matimba yanayooza linaweza kumuua mtu hata kabla ukuta haujasogea. Na ukuta nao husogea. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya kifusi, na nchi nzima iliduwaa kwa sababu jambo hilo halitokei. Matimba ya kutengenezea samani ni yale ambayo wenye mgodi wameyatoa wenyewe wakati wa kubadilisha. Yaliyoachwa chini yaachwe.

Halafu kuna sumu. Rwamagasa, wilayani Geita, palichaguliwa miaka ya 2000 kuwa eneo la Tanzania katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki kwenye uchimbaji mdogo. Matumizi yenyewe yanajulikana na kila mtu huko: mchanga uliosagwa kwenye karasha huoshwa kwenye mwalo, zebaki hunasa chembe za dhahabu, kisha mchanganyiko huchomwa ili zebaki iondoke kama mvuke. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, lakini haisubiri kuchemka. Hata kwenye joto la chumba hutoa mvuke kidogo kidogo. Ubao uliolala miaka kwenye mwalo, au uliokuwa meza ya kuchomea dhahabu, una nyufa na vinyweleo ambavyo matone madogo huingia na kukaa. Randa huondoa milimita mbili za juu. Haijui kilicho chini. Kuuchoma ubao huo jikoni ni kurudia kazi ya mchoma dhahabu ndani ya nyumba ya watoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mbao zilizotumika kabla ya hapo bado zipo mitaani.

Migodi mikubwa, kama Geita unaozalisha tangu mwaka 2000 na Bulyanhulu ulioko upande wa Shinyanga, hutumia sianidi. Sianidi ya sodiamu kwa kawaida husafirishwa ikiwa vipande vyeupe ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya kasha la mbao. Kasha hilo ni imara, limenyooka, limekatwa kwa mashine, na kwa macho ya fundi ndiyo mali bora kuliko zote. Kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa sianidi inakataza kabisa vifungashio vyake kutumika kwa kazi nyingine, na ina sababu: mabaki yakikutana na unyevu na asidi, hata ile dhaifu inayotokana na kaboni dayoksaidi ya hewani, hutoa gesi ya hidrojeni sianidi. Kasha la sianidi likifika sokoni, kuna mtu amevunja utaratibu mahali fulani.

Mapaleti yana ahueni, kwa sababu huja na kitambulisho. Tafuta muhuri wa shuke la ngano wenye herufi IPPC. Kando yake kuna herufi za nchi lilikotoka na jinsi lilivyotibiwa. HT maana yake moyo wa ubao ulipashwa hadi nyuzijoto 56 kwa dakika 30 mfululizo, joto linaloua wadudu na mayai yao. MB ni bromaidi ya methili, gesi ya sumu. Paleti la namna hiyo mimi ningeliacha. Muhuri, hata hivyo, unasimulia siku ya kuzaliwa tu. Kama baadaye lilibeba mapipa ya kemikali yaliyovuja, doa na harufu ndiyo mashahidi waliobaki.

Nguzo za umeme zilizong'olewa ni rahisi kuhukumu. Yenye ukijani hafifu ina shaba, kromiamu na aseniki. Nyeusi yenye harufu ya lami ina mafuta ya kreosoti. Zote zinafaa uzio wa nje tu, mbali na bustani ya mboga.

Kwa nini watu wahangaike hivi wakati msitu upo? Kwa sababu Shinyanga inajua maana ya msitu kutokuwepo. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 vichaka vilifyekwa kwa maelfu ya ekari kupambana na mbung'o, na utafiti wa mdudu huyo ulikuwa na makao yake hapohapo Shinyanga. Pamba na ng'ombe vikamalizia. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyofufua ngitili, yale malisho ya Kisukuma yanayofungwa ili miti na nyasi virudi. Kutoka hekta 611 zilizoandikwa mwaka huo, ngitili zilipita hekta 300,000 ndani ya miaka chini ya 20. Meza moja ya mapaleti haiongezi hata mti mmoja kwenye ngitili, na wanaoiuza kama uokoaji wa mazingira wanatia chumvi. Meza ya kilo 20 za mti mkavu inashikilia kilo 10 hivi za kaboni ambazo jikoni zingegeuka kilo 37 za kaboni dayoksaidi. Ni kitu, si muujiza.

Ubao ukishapita maswali hayo yote, kazi inakuwa ya kawaida yenye vumbi baya. Piga brashi ya waya kwanza, kwani matimba hutoka na punje za kwatzi zilizojikita ndani, zinazoua meno ya msumeno kwa dakika chache na ambazo vumbi lake ndilo lile linaloharibu mapafu ya wachimbaji. Pitisha sumaku kutafuta misumari iliyovunjikia ndani. Doa jeusi la kibuluu huonyesha ilipo, kwa kuwa chuma, maji na tanini za mti vikikutana hutengeneza wino. Vumbi la mbao lenyewe limeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani ya pua, na la mninga huwasha kifua, kwa hiyo barakoa ivaliwe tangu msumeno unapowashwa.

Mwisho ni nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye mafuta, au vanishi kwa meza ya baa. Hakuna kati ya hizo inayozuia unyevu, zinauchelewesha tu. Kwa hiyo ipakwe pande zote, na uvungu upate koti sawa na uso. Meza iliyopakwa juu peke yake hunywa hewa ya masika kwa upande wa chini, upande huo ukatanuka, na kufikia Januari ubao umeshabinuka kingo juu.