Mwanafunzi Kumsaidia Kijana Aliyetoka Chuo cha Mafunzo

Mzazi mmoja anauliza: mwanawe wa chuo kikuu amejitolea kuwa karibu na vijana waliomaliza kifungo Chuo cha Mafunzo. Anachelea asije akafuata nyendo zao. Je, amzuie?

Jawabu: Asili ya jambo hili ni kheri. Suratul-Maidah, aya ya 2, inatuamrisha kusaidiana katika wema. Na Imamu Bukhari amepokea kwamba mlevi aliletwa kwa Mtume (S.A.W.), akaadhibiwa, kisha mtu mmoja akamuapiza. Mtume akakataza, akabainisha kuwa huko ni kumsaidia shetani dhidi ya ndugu yao. Adhabu ilipita, udugu ukabaki. Kijana akirudi mtaani akakuta kila mlango umefungwa, huwarudia wale wale waliompoteza.

Hata hivyo, hofu ya mzazi ina msingi, kwani rafiki humvuta rafikiye. Kwa hiyo pawe na mipaka. Wanafunzi wende wawili au zaidi, chini ya msimamizi mtu mzima. Wakutane msikitini au skuli, si maskani usiku. Wanaume wawasaidie wanaume, na wanawake wanawake wenzao. Makosa yaliyopita yasitiriwe. Lakini mwanafunzi akisikia mpango wa kumdhuru mtu, amwambie msimamizi mara moja. Hiyo si siri ya kutunzwa.

Basi mzazi asimzuie. Amjue msimamizi, aulize mara kwa mara, na akikutana na kijana yule njiani, amtolee salamu kama anavyowatolea wengine.

Wallahu a'lam.