Mzee wa chupa ya chumvi

Wandugu wa koperative,

Mwaka huu tumevuna bila Mzee wetu. Wengi wenu mlikuja ku kilio kule Kikula mwezi wa pili, mkakaa nasi usiku kucha huku mvua ikinyesha, na kila mtu alikuwa na habari yake ya kusimulia. Hatuwezi kuziandika zote. Tutaandika ile ya chupa.

Mzee alianza ukulima akiwa na mvi tayari. Miaka mingi alikuwa mu kiwanda cha shaba cha Shituru, hapa Likasi, akichukua sampuli za kupima. Gécamines ilipoanza kuachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 mwaka 2003, yeye pia alikuwa ndani ya hesabu hiyo. Tuseme kweli, mwaka wa kwanza alilima vibaya. Mistari yake ilipinda kama njia ya mbuzi, nasi tulicheka sana.

Kicheko kilikwisha mwaka ule mahindi yetu yalipooza mu depo. Tuliyafunga mapema kwa kuogopa wizi shambani. Tulipofungua mifuko, ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani. Wengine walitaka kuyasaga tu, tule bukari, au tuwape kuku. Mzee alisimama mlangoni akakataa: sumu ya ukungu haiishi kwa kupikwa, na kuku nao inawadhuru. Siku ile alikosana na wengi, hata na shemeji yake.

Juma lililofuata alikuja na chupa kavu ya kioo. Alitia vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, akaongeza mahindi hadi karibu theluthi ya chupa, akafunga, akatikisa dakika moja, akaiweka chini robo saa. Chumvi ikishika ku kioo, mahindi ni mabichi bado, unyevu umepita 15 kwa mia. Ikianguka yote chini, "apa njo unaweza kutia mu mufuko."

"Jicho inadanganya batu," alikuwa akisema. "Chupa haijue ndugu."

Na kweli haikujua. Mwaka mmoja ilikataa mahindi yake mwenyewe. Mifuko saba! Aliirudisha nyumbani ku kinga, mmoja mmoja, na hakutaka tumsaidie.

Sasa mwezi wa sita, siku ya kwanza ya kupokea mahindi, aliyetangulia mstarini ni prezida wetu, na mifuko 12. Chupa ilikuwa palepale mezani. Hakuna aliyeigusa. Katibu alifungua kaye, akashika kalamu, tayari kuandika. Sisi wengine tuliangalia chini, tuseme nini? Mwishowe mama mmoja, mjane aliyeingia koperative mwaka huu tu, aliomba ruhusa, akachota mahindi, akatikisa.

Robo saa ile ilikuwa ndefu. Hata watoto walinyamaza.

Chumvi ilishika ku kioo chote, nyeupe kama unga. Prezida aliitazama, akakohoa, akatazama kiti cha Mzee. Kisha akaita vijana wake wapakie mifuko tena.

"Njo vile," akasema. "Nitarudi siku ya tano."

Alirudi siku ya sita, na chumvi ilianguka chini yote.

Chupa iko mu depo, juu ya ubao karibu na mlango. Kizibo chake kimechakaa. Mwenye kuwa na kizuri alete.