Maandalizi ya safari ndefu ya baiskeli milimani: Kilometa pekee si kipimo

MNAMO Septemba 28, 2025, jiji la Kigali lilishuhudia mbio za wanaume za kuwania ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, mashindano yaliyofanyika kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Waendeshaji walitakiwa kwenda kilometa 267.5. Kati ya zaidi ya 160 walioanza, 30 tu ndio waliofika mwisho. Umbali huo si mgeni kwa wanamichezo wa kulipwa. Kilichowamaliza wengi ni milima, kwani jumla ya mwinuko waliotakiwa kuupanda siku hiyo ilizidi mita 5,000.

Somo hilo linamhusu pia mkazi wa mjini mwenye kazi yake ya kawaida, ambaye ameamua pamoja na wenzake kufanya safari ya siku kadhaa kwa baiskeli za milimani. Wengi hujiandaa kwa kuhesabu kilometa, ilhali katika nchi ya vilima kipimo cha kweli ni mita za kupanda.

Mfano mzuri ni njia ya Kongo-Nile iliyopo magharibi mwa Rwanda. Njia hiyo ina urefu wa kilometa 227, kutoka Rubavu hadi Rusizi, kandokando ya Ziwa Kivu. Imepewa jina la safu ya milima inayogawa maji: mvua inyeshayo upande wa magharibi huishia mto Kongo, na ya mashariki huishia mto Nile. Waendesha baiskeli kwa kawaida huigawa katika siku tano, yaani wastani wa kilometa 45 kwa siku. Mtu aliyezoea barabara tambarare za Dar es Salaam au Mombasa, ambako kilometa 45 ni kazi ya asubuhi moja, anaweza kuidharau. Hata hivyo, ziwa lenyewe lipo takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na njia hupanda mgongo wa kilima, hushuka bondeni, kisha hupanda tena, siku nzima.

Hesabu ya nguvu

Mtu na baiskeli yake wakiwa na uzito wa jumla wa kilo 85, kila mita 1,000 wanazopanda zinaugharimu mwili takriban kilokalori 800, mbali na nguvu ya kushindana na upepo na udongo. Kilo tano za mizigo huongeza gharama hiyo kwa karibu asilimia sita. Hivyo basi, kupunguza mizigo ni sehemu ya maandalizi sawa na mazoezi.

Mazoezi yaanze walau wiki 12 kabla ya safari. Mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo, au aliyekaa muda mrefu bila mazoezi hana budi kumwona daktari kwanza. Utaratibu unaotumiwa na wengi ni kuongeza kazi kidogo kidogo kwa wiki tatu, kisha kuipunguza wiki ya nne ili mwili upate kujijenga. Katikati ya wiki, mwendeshaji atafute kilima na kukipanda mara nne, dakika 10 kila mara, kwa kasi inayomruhusu kusema sentensi fupi tu.

Anayeishi mahali tambarare anaweza kutumia gia nzito dhidi ya upepo wa bahari, lakini lazima atafute milima halisi walau mara chache: Pugu na Kisarawe kwa wakazi wa Dar es Salaam, Uluguru au Usambara wakipata nafasi ya kusafiri, na Ngong kwa wakazi wa Nairobi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kufanya mazoezi siku mbili mfululizo. Miguu inayoweza kupanda Jumamosi si lazima iweze kupanda Jumapili, na safari ya siku tano hushinda watu kuanzia siku ya pili. Ikiwa siku ngumu kuliko zote ina mita 1,500 za kupanda, mwendeshaji awe ameshapanda angalau mita 1,000 kwa siku moja, na kurudia kesho yake. Siku 10 za mwisho ni za kupumzika zaidi. Anayejichosha wakati huo hawezi kupata nguvu mpya, bali huanza safari akiwa mchovu.

Mpanda ngazi hushuka

Kupanda huchosha, lakini ajali kubwa hutokea kwenye mteremko. Anayeshika breki mfululizo kwa kilometa kadhaa huzipasha joto mpaka zikapungua nguvu. Ni bora kuziminya kwa nguvu kiasi, kuziachia zipoe, kisha kuziminya tena. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, si ndani ya kona. Tandiko lishushwe kidogo, uzito upelekwe nyuma, na macho yatazame mbali badala ya gurudumu la mbele. Aidha, njia za vijijini ni makazi ya watu. Nyuma ya kona panaweza kuwa na watoto watokao shuleni au mbuzi, na wao ndio wenye njia. Stadi hizi nazo zinahitaji mazoezi, kwani haziji zenyewe kwa sababu miguu ina nguvu.

Baiskeli na vifaa

Kwa upande wa baiskeli, la kwanza ni gia nyepesi. Gurudumu la meno 32 mbele likiunganishwa na la meno 51 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali humsogeza mwendeshaji takriban mita 1.4. Akizungusha mara 70 kwa dakika, atakwenda karibu kilometa 6 kwa saa. Ni mwendo wa kutembea kwa haraka, lakini anaweza kuuhimili kwa muda mrefu bila kuumiza magoti.

Fundi aikague baiskeli wiki mbili kabla, kisha iendeshwe ili kasoro zionekane mapema. Vitu vya kubeba ni tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, funguo, pedi za breki za akiba na kipande cha kuungia mnyororo. Kila mmoja awe ameshaziba pancha na kuunga mnyororo kwa mikono yake akiwa nyumbani. Kofia ngumu ni ya lazima.

Chakula, maji na mpaka

Katika safari ya saa nyingi, mwili huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina takriban gramu 25. Kwa hiyo ndizi mbili kila saa zinatosha. Mwendeshaji ale kabla ya kuhisi njaa, kwani nguvu zikishakwisha mlimani hazirudi upesi. Maji yawe safi na yanywewe kwa kadiri ya kiu na jua, pamoja na chumvi kidogo. Kunywa maji matupu kupita kiasi nako kuna hatari.

Atokaye Tanzania, Kenya au Uganda akumbuke kuwa Rwanda huendesha upande wa kulia. Mifuko ya plastiki, ambayo wengi hufungia nguo zisilowe, ilipigwa marufuku huko tangu mwaka 2008. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu. Machi hadi Mei matope hung'ang'ania magurudumu. Vilevile, mapema mwaka 2025 vita vya mashariki mwa Kongo vilifika Goma na Bukavu, miji inayopakana na ncha zote mbili za njia hii. Hali ya usalama iulizwe kabla ya kulipa chochote.

Mwisho, kundi lijipime wiki tatu kabla ya safari kwa siku mbili mfululizo za milima, likibeba mizigo ileile. Asiyemudu apunguziwe sehemu ya njia au asubiri msimu mwingine. Uamuzi huo ni mchungu ukifanyika nyumbani, lakini ni mchungu zaidi ukifanyika jioni juu ya kilima, mbali na zahanati, huku wenzake wote wakilazimika kumsubiri gizani.