Urea Haitibu Udumavu wa Mabingobingo

"Mabingobingo yangu yamekuwa manjano, hayarefuki. Niweke mifuko mingapi ya urea?" Wafugaji wa Rungwe wananiuliza, wa Mufindi wananiuliza, na muuza pembejeo ameshawajibu kabla yangu: ongeza. Hapana! Usiongeze hata kilo moja kabla ya kujua shamba linaumwa nini.

Njaa ya naitrojeni ina dalili zake. Majani ya chini, yaliyozeeka, ndiyo hutangulia kuwa manjano, na kwa kawaida eneo kubwa hufifia kwa pamoja. Weka mbolea ardhi ikiwa na unyevu, kijani kitarudi. Udumavu unaoletwa na fitoplazima haufanyi hivyo. Shina moja limedumaa, la jirani limempita mtu kimo, na yote mawili yamekula samadi ileile. Ugonjwa hujionyesha hasa baada ya kukata: yanachipua machipukizi mengi mafupi, yenye vijani vyembamba vya manjano. Kata tena, yanarudi mafupi zaidi, mpaka shina linakufa. Fitoplazima ni bakteria asiye na ukuta wa seli, na makazi yake ni ndani ya mirija inayosafirisha chakula cha mmea. Mirija ikishaharibiwa, urea itafanya nini? Pesa ya maziwa inaishia dukani, na mdudu mfyonza utomvu anaendelea kuhamisha ugonjwa shina hadi shina.

Udumavu huu uliripotiwa Bungoma, magharibi mwa Kenya, mwaka 1997. Mwaka 2004 watafiti walichapisha kwamba unahusishwa na fitoplazima ya kundi la 16SrXI; mwaka 2009 mdudu anayeusambaza akatambuliwa, Maiestas banda. Haikuwa kazi ya macho. Fitoplazima haioteshwi kirahisi maabara kama bakteria wengine, hivyo jibu la "hakuna kilichoota" halithibitishi kwamba hayupo. Kinachohitajika ni kipimo cha PCR, kinachosaka vinasaba vyake ndani ya jani. Hata mimi nikisimama shambani kwako, nashuku tu.

Basi fanya hivi. Ng'oa shina linaloshukiwa pamoja na mizizi, ulichome. Usigawe wala kupokea pingili za shamba lenye dalili, hata kwa ndugu. Pingili husafirisha ugonjwa mbali kuliko mdudu. Panda pia malisho ya Gwatemala na desmodiamu, ng'ombe wasitegemee jani moja. Kabla ya kuchoma, mwite afisa ugani au ulizia Taasisi ya Utafiti wa Mifugo (TALIRI) Uyole namna ya kupima, ukiwa na majani mabichi ya shina gonjwa na ya shina zima lililo jirani, kila moja kwenye mfuko wake.