Mbiu ya Mgambo Kutoka Mbinguni

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya kutazama nyota ni kazi ya polepole. Humfikiria mzee mwenye ndevu aliyekaa nyuma ya darubini usiku kucha, hana haraka na mtu, kwa kuwa nyota alizoziona jana atazikuta kesho mahali pale pale. Mawazo hayo ni ya kweli kwa nyota nyingi. Lakini liko jambo moja mbinguni lisilomngoja mtu, nalo huweza kupita upesi kuliko mtu atamkavyo jina lake na la baba yake. Jambo hilo ndilo nitakalojaribu kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, yaani milipuko mifupi ya mionzi ya gama, na jinsi wataalamu wanavyoiwinda.

Kwanza yafaa tujue mionzi ya gama ni nini. Nuru tuionayo kwa macho ni mmoja tu katika jamaa kubwa. Mawimbi ya redio ni ndugu yake mpole. Eksirei, ile itumikayo hospitali kupigia picha za mifupa, ni ndugu yake mwenye nguvu. Na gama ndiyo yenye nguvu kuwapita wote. Kwa bahati njema hewa inayoizunguka dunia huizuia mionzi hiyo isitufikie, kwani ingetudhuru. Lakini ngao hiyo itukingayo ndiyo pia ituzibayo macho. Kwa hiyo atakaye kuinasa gama yenyewe ya milipuko hii hana budi kukipeleka chombo chake juu ya hewa, katika setilaiti.

Milipuko hii haikugunduliwa na watu waliokuwa wakiitafuta. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti zilipatana kuacha kujaribu mabomu ya nyuklia hewani, baharini na katika anga za juu. Ili kuhakikisha kuwa hapana avunjaye mapatano hayo kwa siri, Marekani ilirusha setilaiti zilizoitwa Vela, zenye vyombo vya kunasa gama, maana bomu la namna hiyo hutoa gama. Tarehe 2 Julai 1967 setilaiti hizo zilinasa mmweko usiofanana na wa bomu lolote. Baadaye ikatokea mingine. Setilaiti zilikuwa mbalimbali, na mmweko uliifikia moja kabla ya nyingine. Wataalamu walipopima tofauti hiyo ndogo ya wakati, walitambua kuwa mionzi haikutoka duniani wala katika jua. Mwaka 1973 Ray Klebesadel na wenzake wawili wa Los Alamos walitangaza habari za milipuko 16. Basi chombo kilichowekwa kuvizia mabomu kikaleta habari za nyota.

Kwa miaka mingi hapana aliyejua mimweko hiyo hutoka wapi. Kutoka mwaka 1991 hata mwaka 2000 setilaiti iitwayo Compton ilihesabu zaidi ya 2,700, karibu mmoja kila siku, nayo ilitoka pande zote za mbingu sawasawa. Kama ingalikuwa ikitoka katika galaksi yetu, mingi ingalionekana katika ule ukanda mweupe wa nyota uvukao mbingu wakati wa usiku. Tena wataalamu walipoipanga kwa muda wake, waliona makundi mawili: mirefu, yenye kupita sekunde 2, na mifupi, isiyofika sekunde 2. Mirefu ikaja kujulikana kuwa, kwa sehemu kubwa, ni vifo vya nyota kubwa mno. Mifupi ilibaki kuwa fumbo.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini wasielekeze darubini tu wakatazama? Hapo ndipo penye shida. Hujui siku, hujui saa, wala hujui upande, na ukisikia habari mmweko umekwisha zimika. Zaidi ya hayo, gama haipindwi na kioo cha darubini kama nuru ipindwavyo. Hupenya. Kwa sababu hiyo wataalamu wamebuni hila za kujua mahali ilipotoka.

Hila ya kwanza ni ile ya setilaiti za Vela, yaani kulinganisha nyakati za kufika. Nuru huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja, na gama huenda mwendo huo huo, basi setilaiti zikiwa mbalimbali tofauti ya wakati hutuonyesha upande.

Hila ya pili hutumiwa na setilaiti iitwayo Fermi, iliyorushwa Juni 2008. Ina vipande 12 vya fuwele ambavyo hutoa cheche ndogo ya nuru vikipigwa na gama, na vimeelekezwa pande mbalimbali. Fikirini watu waliosimama gizani wakitazama huku na huku, kisha moto ukawashwa kwa mbali. Aliyeuelekea moto huona joto usoni, aliyegeuka upande huona kidogo, na aliyeupa mgongo hana habari usoni pake. Ukiwauliza wote utajua moto uko wapi, ingawa hutajua kwa uhakika mkubwa.

Hila ya tatu ni ya setilaiti iitwayo Swift, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004. Juu yake palitandazwa vipande vidogo vya madini ya risasi zaidi ya 50,000, vimepangwa bila utaratibu wa kurudiarudia, na chini yake vikawekwa vipokezi 32,768. Gama ikija, risasi huizuia hapa na kuiachia pale, kikatokea kivuli. Kama vile tuwezavyo kujua jua liko wapi kwa kutazama vitone vya mwanga vipitavyo katika makuti ya paa, ndivyo kompyuta ya Swift ilivyokitazama kivuli hicho ikajua mlipuko ulikotoka. Ndipo setilaiti yenyewe iligeuka, bila kungoja amri ya mtu, ikaelekeza huko darubini zake za eksirei na za nuru kwa muda wa dakika moja au mbili.

Haraka hiyo ni ya nini, na mmweko umekwisha kupita? Ni kwa sababu baada ya mmweko hubaki mng'ao hafifu, kama kaa la moto lililosahauliwa mekoni. Kaa hilo hupoa upesi. Likiwahiwa, hutuonyesha mahali hasa, na galaksi ambamo jambo lilitokea, na umbali wake. Lisipowahiwa, ushahidi umepotea, wala hapana awezaye kuurudisha.

Mng'ao wa namna hiyo ulionekana kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko mrefu wa tarehe 28 Februari 1997, na setilaiti ya Waitalia na Waholanzi iitwayo BeppoSAX. Hapa wasomaji wa Afrika Mashariki tuna neno letu. Setilaiti hiyo ilizunguka juu ya ikweta, na kila ilipopita juu ya pwani ya Kenya iliteremsha habari zake katika kituo kimoja tu, kituo cha Waitalia kilichoko karibu na Malindi. Habari za Swift nazo zilikuwa zikiteremshwa hapo hapo, ila taarifa za haraka zilipitia setilaiti nyingine ili zisichelewe. Kabla ya hizo, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kutazama eksirei za mbinguni peke yake ilirushwa kutoka jukwaa la baharini pande hizo hizo. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Kenya, iliitwa Uhuru, na jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya wataalamu wa nyota wa dunia nzima.

Sasa turudi kwa milipuko mifupi. Tarehe 9 Mei 2005 Swift ilinasa mlipuko uliodumu kama sehemu moja ya 25 ya sekunde. Iligeuka upesi, ikakusanya chembe 11 tu za eksirei. Kumi na moja! Lakini zilitosha kuonyesha kuwa mlipuko ulitoka karibu na galaksi kubwa ya nyota kuukuu, mahali ambapo nyota kubwa changa hazizaliwi tena. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, baada ya setilaiti nyingine kupiga mbiu, darubini ya Wadenmark iliyoko Chile iliona kwa mara ya kwanza mng'ao wa nuru ya kawaida wa mlipuko mfupi. Wataalamu wakazidi kushikilia dhana yao kwamba milipuko hii hutokea nyota mbili za nyutroni zigonganapo. Nyota ya nyutroni ni kiini cha nyota iliyokufa, kilichojikaza kikawa mpira wa upana wa kilometa 20 hivi, hali uzito wake hupita wa jua letu. Kijiko kimoja cha chai cha vitu vyake kingekuwa na uzito wa zaidi ya tani milioni 1,000.

Dhana si ushahidi. Ushahidi ulikuja tarehe 17 Agosti 2017. Siku hiyo, saa 9 na dakika 41 alasiri kwa saa zetu za Afrika Mashariki, vyombo viwili vya LIGO huko Marekani vilimaliza kusikia mtikisiko uliodumu kwa sekunde 100 hivi. Mtikisiko huo ni mawimbi ya mvutano, nayo hutokea vitu vizito vizungukanapo na kugongana. Sekunde 1.7 baadaye Fermi ilinasa mmweko mfupi wa gama. Mawimbi yale na gama ile vilikuwa vimesafiri pamoja kwa miaka milioni 130, vikafika vikipishana kwa chini ya sekunde 2. Hivyo ikajulikana kuwa mawimbi ya mvutano huenda kwa mwendo wa nuru.

Chombo cha tatu, Virgo cha Italia, hakikusikia karibu neno. Wataalamu hawakukidharau kwa hilo. Kila chombo cha namna hiyo kina pande zake ambazo hakisikii vizuri, basi walitambua kuwa mgongano ulikuwa katika upande wa uziwi wa Virgo. Hivyo hata kunyamaza kwake kulikuwa ushahidi. Eneo la kutafuta likapunguzwa, ingawa lilibaki kubwa kupita mwezi mpevu zaidi ya mara 100.

Mbiu ikapigwa kwa wenye darubini wote. Lakini mahali penyewe palikuwa karibu na upande wa jua, pakionekana kwa muda kama wa saa moja tu baada ya jua kuchwa. Huko Chile watu wa darubini iitwayo Swope, yenye kioo cha upana wa meta 1 tu, walishika orodha ya galaksi zilizo katika umbali ule, wakazipiga picha moja baada ya moja. Katika picha ya tisa, saa 11 hivi baada ya mgongano, waliona kando ya galaksi iitwayo NGC 4993 nukta ya nuru isiyokuwapo zamani. Kabla ya saa moja kupita, makundi mengine matano yalikwisha iona yenyewe. Kesho yake darubini kubwa ya Sutherland, Afrika Kusini, ikaichambua rangi zake. Nuru hiyo ilianza buluu, na kwa siku chache ikageuka nyekundu na kufifia. Eksirei zake zilionekana baada ya siku 9, na mawimbi yake ya redio baada ya siku 16. Vituo 70 hivi vilishiriki.

Rangi hizo zilisema nini? Zilisema kuwa katika mgongano ule zilitengenezwa atomu nzito, na wataalamu walikadiria kuwa dhahabu peke yake ilizidi uzito wa dunia yetu nzima. Mwaka 2019 wengine walitambua alama ya strontiamu katika nuru ile ile. Basi pete ya mama na mkufu wa bibi arusi huenda vilianzia katika mgongano kama huo, kabla jua letu halijakuwapo. Wala si mapambo tu. Wataalamu waamini kuwa sehemu kubwa ya madini joto, yale tutiayo katika chumvi ili shingo zetu zisivimbe, ilizaliwa kwa njia ya namna hiyo hiyo. Mambo ya mbali sana, kumbe yamo katika chungu cha mboga.

Lakini msomaji asidhani kuwa fumbo limekwisha. Tarehe 11 Desemba 2021 ulionekana mlipuko uliodumu zaidi ya nusu dakika, ambao kwa kanuni ya sekunde 2 ni mrefu. Lakini waliouangalia kwa siku kadhaa waliona baada yake nuru nyekundu ya atomu nzito, kama ile ya mwaka 2017. Kama wangaliuacha kwa kuwa saa ilisema ni mrefu, wasingalijua. Kipimo cha muda ni msaada mzuri, lakini hakitoshi kuwa hakimu.

Wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu hii hulia kwa sekunde moja, wala hairudiwi, na mtu mmoja peke yake hawezi kuijibu. Mmoja hunasa mmweko, wa pili hupima upande, wa tatu hupeleka habari, wa nne yu macho mlimani na orodha yake tayari, na mwingine hukaa Malindi akipokea yanayoshuka. Mmoja wao akichelewa, kazi ya wote imeharibika. Kwa hiyo wenzangu mnaopenda fizikia, hesabu na jiografia, msidhani kwamba kazi hiyo yahitaji kioo kikubwa kabla ya yote. Kioo cha meta 1 ndicho kilichotangulia kuona, kwa kuwa wenyewe walikuwa tayari.

Mwanafunzi, Kidato cha IV